Mgeni njoo, jukwaa lipone



Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye ukumbi mmoja pale Mwanga, Kigoma mjini, Ijumaa usiku. Bendi ya hapa nyumbani ilikuwa inapiga laivu. Watu hawakuwa wengi, viti vya plastiki vimejaa nusu, harufu ya migebuka ya kukaanga inatoka jikoni, mimi na rafiki yangu tumekaa karibu na spika kwa sababu huko ndiko kulikobaki meza. Kama saa sita hivi mwimbaji akasema tuna mgeni. Akapanda jukwaani kijana mwembamba, akapewa gitaa la solo, akatambulishwa kwa jina la utani tu.

Basi bwana, ukumbi ulibadilika. Wale waliokuwa wanaangalia simu waliziweka mezani. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga mlangoni aliacha sinia lake akaingia. Kijana alipiga kama nusu saa, akatunzwa noti kwenye paji la uso, akarudisha gitaa kwa mwenyewe, akashuka.

Mimi ni mwandishi wa habari, ugonjwa wangu ni kuuliza. Nikamfuata nyuma ya ukumbi. "Kaka, naomba dakika tano tu." Akaniangalia, akaangalia daftari langu, akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo: "Ndugu yangu, andika miziki. Miye usiniandike."

Nikaelewa. Sikuuliza ametoka wapi wala anaishi wapi. Lakini nilirudi nyumbani na swali ambalo halijaniacha mpaka leo: ilikuwaje katika mji huu, ambao karibu kila kitu chake cha muziki kimeletwa na wageni, mpiga gitaa mgeni akawa mtu wa kujificha?

Ndiyo maana naandika haya. Ni historia, lakini si ya zamani tu.

TUANZE NA UJIJI

Ukisema "mgeni" na "Ujiji" katika sentensi moja, kila aliyesoma shule ya msingi atakujibu Livingstone na Stanley, mwaka 1871. Sawa, mnara upo. Lakini Ujiji iliishi kwa wageni kabla ya hao wawili na baada yao. Misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika hapa, ikavuka kwenda Manyema. Waliorudi walirudi na watu, wengi kwa nguvu, wengine kwa hiari. Wamanyema wakawa sehemu kubwa ya mji. Kiswahili kikavuka ziwa nacho, kikakaa Kasongo, kikakaa Katanga, kikapata lafudhi yake.

Watu hawa hawakuwa na ukoo hapa. Mtu asiye na ukoo akifa, nani atamzika? Akioa, nani atasimama upande wake? Jibu moja kubwa, katika miji ya pwani na ya njia za misafara, lilikuwa ngoma. Kwa ngoma simaanishi kile chombo, namaanisha chama: watu wanaocheza pamoja, wanaochanga pamoja, wanaozikana.

Chama maarufu kuliko vyote kilikuwa beni. Kilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za matarumbeta za kizungu: sare, gwaride, vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Kikagawanyika pande mbili zilizoshindana kweli kweli, Marini na Arinoti. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, askari na wapagazi wakakibeba kila walikopelekwa. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni, kikatoka mwaka 1975, na jambo lililonivutia zaidi humo si matarumbeta. Ni ule mtandao. Mwanachama wa Marini akifika mji asioujua, anatafuta Marini wa pale. Anapewa pa kulala, anapewa chakula, na jioni anacheza nao. Akifa huko ugenini, anazikwa na watu wake.

Yaani kabla hatujawa na ukumbi, kiingilio wala bango, tayari tulikuwa na utaratibu wa kumpokea msanii mgeni. Mgeni alikuwa na haki yake kwa sababu ya ngoma.

Wakoloni hawakuipenda. Waliona sare na vyeo, wakaogopa. Ng'ambo kwa Wabelgiji ngoma hiyo ilijulikana kama mbeni, na serikali ya Kongo iliitazama kwa jicho baya kuliko hata Waingereza. Haikusaidia: mbeni ilifika Katanga, ikafika migodi ya shaba ya Zambia, na huko ikazaa ngoma ya kalela. Kwa hiyo muziki wa ziwa hili haukuwa wa njia moja. Sisi nasi tuliwahi kuwa wageni kwao.

RELI NA MELI

Mapema mwaka 1914 reli ya Kati ilifika Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Wajerumani wakaleta meli kwa vipande, ikaunganishwa hapa, ikaingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe wasiiache kwa adui. Wabelgiji wakaushika mji mpaka mwaka 1921. Waingereza wakaiopoa meli mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua wote, Liemba.

Ng'ambo ya pili nako reli ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya sasa. Hebu weka picha hiyo kichwani: mtu anaweza kutoka ndani ya Katanga kwa treni, akavuka ziwa kwa meli, akapanda treni nyingine Kigoma, akashukia Dar. Mizigo ilipita, vibarua walipita, na santuri zilipita.

Santuri si jambo dogo. Kuanzia mwaka 1933 zilianza kuuzwa Afrika zile sahani za mfululizo wa GV, zenye muziki wa Kuba. Vijana wa Dar, Tanga, Kinshasa na Elisabethville wakasikiliza sahani zilezile, kila mmoja akajibu kwa namna yake. Kwetu zikazaliwa klabu za dansi zilizojiita "jazz". Tabora, kituo kikubwa kabla ya kufika kwetu, ikatoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Morogoro ikatoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, halafu Morogoro Jazz aliyopigia Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1959 vijana wenye asili ya magharibi wakaanzisha Western Jazz kule Dar.

Huko Katanga Jean Bosco Mwenda alikuwa anapiga gitaa kavu na kuimba Kiswahili. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, na mwisho wa miaka ya hamsini Mwenda akawa anapiga Nairobi. Watu wa Afrika Mashariki hawakuhitaji mkalimani. Lafudhi ilikuwa ya ng'ambo, lugha ilikuwa yao. Hilo ndilo lililowatofautisha wageni wa Kongo na wageni wengine wote: walikuja wakijua kuimba kwa lugha yetu.

BABU NA KAMBA YA BESI

Nilikwenda Ujiji kwa babu yangu kumuuliza habari za usiku wa dansi enzi zao. Nilimkuta kibarazani chini ya mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamtolea swali kabla hata sijakaa.

"Mjukuu wangu, unauliza dansi au unauliza bendi?" akaniambia. "Dansi ilikuwa kila wiki. Bendi ngeni ilikuwa sikukuu."

Alinieleza hivi. Bendi ya mji ilikuwa ya watu unaowajua: fundi cherehani, karani wa reli, mwalimu. Ulikuwa unajua hata solo atakosea wapi. Lakini ikisikika kwamba treni ya kesho inaleta bendi, watoto walikuwa stesheni kabla ya watu wazima. Kila mtoto alitaka kubeba kitu, kwa sababu aliyebeba chombo aliingia bure. Babu anasema aliwahi kubeba boksi dogo kutoka stesheni mpaka ukumbini akiamini amebeba kitu cha maana. Kumbe ndani ilikuwa ni nyaya na kamba moja ya besi. "Lakini niliingia," akasema.

Usiku wenyewe ulikuwa na taratibu zake. Wenyeji wanaanza, wanapasha ukumbi joto. Wageni wanafuata. Baadaye wanachanganyika: mwimbaji wa huku na gitaa la kule. Hapo ndipo babu anasema ulikuwa unaona nani fundi. Wimbo unaanza taratibu, unaimbwa mpaka watu wameshika maneno, halafu linakuja chemko, magitaa yanabaki yenyewe na watu wanamaliza viatu. Mpiga gitaa wa mji alikuwa anasimama pembeni, hachezi, anakodoa macho vidole vya mgeni. Wiki ijayo unasikia kitu kipya kwenye bendi ya nyumbani.

Nadhani hiyo ndiyo kazi hasa ya mgeni wa jukwaani. Hakuja kutuburudisha tu. Alikuja kufundisha bila kuitwa mwalimu, na yeye mwenyewe akaondoka na kitu.

WAGENI WALIOGEUKA WENYEJI

Baada ya Uhuru mambo yalipangwa upya. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake wakalipwa mshahara kwa mwezi. Zikafuata bendi za Polisi, za Magereza, za JKT, za viwanda kama Urafiki. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo vilikuwa vya mwajiri. Redio Tanzania ikarekodi bendi za nchi nzima na kuzirusha. Kulikuwa na ubaya wake, lakini bendi za Tanzania zilikuwa na pa kusimama.

Kwa jirani mambo yalikuwa yanaharibika. Mobutu alitaifisha biashara za wageni Novemba 1973, uchumi ukaenda kombo, na hata kabla ya hapo wanamuziki wa mikoa ya mashariki walikuwa mbali na studio za Kinshasa. Afrika Mashariki ilikuwa karibu zaidi, na tayari wanaijua lugha. Si wote walipita ziwani: Samba Mapangala alipitia Uganda mpaka Nairobi. Lakini walikuja. Maquis walitoka Katanga, wakaweka makazi Dar es Salaam miaka ya 1970 na mtindo wao wa Kamanyola. Mzee Makassy akawa na Orchestra Makassy.

Na mwaka 1978 akaja mpwa wa Makassy, kijana aliyezaliwa Kindu mwaka 1947. Ndiyo huyo, Remmy Ongala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Makassy anahamia Nairobi, Remmy alibaki Dar na Super Matimila, bendi iliyobeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Aliimba habari za maskini, za kifo, za ubaguzi. Mwaka 1988 alikwenda Uingereza na tamasha la WOMAD, akatoa albamu mbili kwa Real World, mwaka 1989 na 1992. Wimbo wake wa mwaka 1990 kuhusu kondomu, "Mambo kwa Soksi", Redio Tanzania haikutaka kuurusha, na watu wakaujua vilevile. Alifariki Desemba 2010. Mpaka leo ukipanda daladala Dar unaweza kumwambia konda akushushe Sinza kwa Remmy.

Fikiria hilo. Mgeni kutoka Kindu amekuwa kituo cha daladala. Hakuna mtu anayemwita Mkongo akiteremka pale.

Lakini tusidanganyane, haikuwa asali tupu. Mwanamuziki mgeni siku zote alikuwa na karatasi mfukoni au hana. Nairobi miaka ya 1980 vibali vya kazi viliwasumbua sana Wakongo. Tofauti ni kwamba wakati ule mlango ulikuwepo: bendi inamtaka, mwenye vyombo anamwombea kibali, anapiga, anakaa, anaoa, anazaa, watoto wanazungumza Kiswahili cha Sinza.

NOVEMBA 1996

Halafu ikaja vita. Mwaka 1996 mashariki ya Kongo iliwaka, na watu wakavuka ziwa kwa mitumbwi na maboti usiku na mchana. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba mwaka huo wilayani Kasulu. Lugufu nayo ikajaa, mpaka ilipofungwa mwaka 2009. Waliovuka walikuwa wakulima, walimu, wavuvi, na katikati yao, kama ilivyo kwa kundi lolote la watu maelfu kwa maelfu, wanamuziki.

Hapa ndipo historia yetu inapokata kona. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na akitaka kutoka awe na kibali. Sisemi sheria ile ilitungwa kwa ubaya. Mkoa wetu ulibeba mzigo mkubwa, misitu ilikatwa, na usalama ulikuwa jambo la kweli. Aliyekuwepo Kigoma miaka ile hawezi kumcheka aliyeogopa. Lakini matokeo yake kwa muziki ni haya: mpiga solo akivuka ziwa lilelile ambalo santuri na meli zilivuka, mwisho wa safari yake si ukumbi wa Mwanga wala stesheni ya treni. Ni kambi.

Na ndani ya kambi muziki haukufa. Makanisa yana kwaya na magitaa, vijana wana vikundi vyao. Kuna watu waliozaliwa Nyarugusu, wamejifunzia gitaa Nyarugusu, na wana umri kama wangu. Sisi tunaokaa nao mkoa mmoja hatuwasikii. Bendi zetu zinapiga kopi za Wakongo wa Kinshasa kutoka kwenye simu, wakati Wakongo wenyewe wapo jirani.

SISI NAO TUNAONDOKA

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Kigoma imekuwa mji wa kutoa wasanii kuliko kuwaweka. Mwaka 2012, mimi nikiwa mtoto bado, ulitoka wimbo "Leka Dutigite" wa Kigoma All Stars, maneno ya Kiha yenye maana ya karibu na "acha tujidai". Ndani yake mlikuwa na Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Peter Msechu na wengine wenye asili ya hapa. Walikuja Uwanja wa Lake Tanganyika na mji haukulala. Diamond alirudi uwanjani hapo Desemba 31, 2019, kuadhimisha miaka kumi ya kazi yake. Tulijidai kweli.

Lakini ona jambo hili: walikuja kama wageni. Walipiga, wakaondoka. Jumatatu yake ukumbi wa Mwanga ulikuwa na viti vilevile vya plastiki. Onesho la uwanjani ni zuri, sikatai, ila halifundishi mtu gitaa. Hakuna mpiga solo wa mji anayesimama pembeni kukodolea macho vidole, kwa sababu mara nyingi muziki unatoka kwenye kompyuta. Kinachojenga mji ni ule usiku mdogo wa kila wiki, wenye mgeni mmoja na mwenyeji mmoja juu ya jukwaa moja.

Nilimuuliza babu swali la mwisho. "Babu, kwa hiyo mgeni ni nani hapa?"

Akacheka. Akanikumbusha kwamba baba yake yeye alizaliwa ng'ambo, upande wa Manyema, na alifika Ujiji akiwa mtoto mgongoni kwa mama yake. "Hakuna aliyemuuliza kibali," akasema. "Waliuliza kama anajua kuimba kwenye ngoma yao." Sijui kama babu alikuwa anatania. Lakini nilipojumlisha miaka, familia yetu ina karibu karne moja tu hapa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika daftari nikimhoji mgeni.

Serikali yetu imewahi kuonesha kwamba inaweza kuamua vingine. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 162,000, wale waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao, walipewa uraia. Mimi siombi kitu kikubwa kiasi hicho. Naomba kibali cha usiku mmoja. Msanii wa kambini aruhusiwe kutoka Ijumaa kwa barua inayoeleweka, ukumbi usaini kwamba unamfahamu, apige, alipwe, arudi. Maofisa utamaduni wa wilaya wapo na BASATA wapo, na vibali vya wasanii kutoka nje hutolewa kila mwaka kwa wale wanaokuja kwa ndege. Huyu hahitaji hata ndege.

Ijumaa iliyofuata nilirudi pale ukumbini. Bendi ilipiga nyimbo zilezile. Sehemu ya solo walijaza na kinanda. Yule mama wa karanga alikuwa mlangoni na sinia lake, na safari hii hakuingia. Nilipopita kutoka nje aliniuliza kama yule kijana atakuja tena.

Nilimwambia sijui, mama.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumebaki na ugonjwa, na dawa ipo Kasulu. Tafakari.